Kanda Iliyorekodiwa Upande wa Besi

Kabla ya kugusa gari la mtu yeyote, Fundi alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi kwenye betri na kuuvika soksi. Ilikuwa soksi ya sufu ya kijivu, iliyofumwa na mkewe, na sikuwahi kuiona ya pili yake. Alisema waya ukichomolewa ukaachwa wazi hujirudia wenyewe kwenye betri, kama mbuzi aliyefukuzwa shambani. Kazi ilipokwisha, waya huo ndio uliokuwa wa mwisho kurudishwa, na soksi ikarudi kwenye mfuko wa koti lake. Wateja wake, wengi wao vijana wa mjini wenye haraka ya kusikia muziki, walimcheka. Aliendelea kufunga ile soksi kwa uzi, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda.

Tulikuwa majirani. Nyumba yetu na banda lake la mabati vilitenganishwa na uzio wa matete, na upepo wa Juni, ambao pale Sumbawanga hupenya hata mablanketi mawili, ulituletea harufu ya lehemu na sauti yake akibishana na mtu. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi sina sababu ya kumwita vinginevyo. Ninachotaka kueleza juu yake ni jambo moja, ingawa litanipitisha kwenye mengine mengi. Alikuwa na kanda moja yenye sauti ya mkewe aliyefariki, na uzeeni alifikia mahali asijue kama sauti ile imefutika kwenye kanda au imefutika masikioni mwake. Mtu aliyeishi kwa kutafuta ubovu wa vyombo vya watu, ubovu huo mmoja aliogopa kuutafuta.

Nilipokuwa msichana mdogo hakukuwa na magari ya kufungia muziki. Kulikuwa na redio, tena chache, na betri zake zilianikwa juu ya mabati ili jua lizipe uhai kidogo tena. Fundi alizitengeneza redio hizo kwa vipande vya redio nyingine zilizokufa. Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa yakiuza chumvi na viberiti yakajaa vitu ambavyo hatukujua majina yake, na familia za wafanyabiashara wa mjini, zile zenye maduka na mabasi, zikaanza kuleta magari madogo yaliyokwisha kutumika kwingine, yale ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Magari yalikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya walioyaendesha. Hilo halikuwazuia vijana kutaka mziki mnene ndani yake. Amplifaya na sabufa zilifika Sumbawanga miaka mingi kabla ya lami.

Wote walimwendea yeye, na wote walitoka wakilalamika kwamba mzee anachelewesha. Nakumbuka kijana mmoja, mtoto wa mwenye mabasi, aliyekuja na gari lake jekundu na rafiki wa kumsindikiza. Nilikuwa likizo kutoka chuoni, naanua nguo upande wetu wa uzio.

“Mzee, toboa tu hapo twende zetu,” alisema yule kijana. “Jumamosi tuna harusi Mwimbi.”

“Nitoboe wapi?”

“Hapo, sakafu ya buti. Amplifaya ikae hapo.”

“Chini ya hapo kuna nini?”

“Chini kuna chini, mzee. Kuna barabara.”

“Kabla ya barabara?”

Kijana akamgeukia rafiki yake. “Mshikaji, unamwona huyu mzee?”

Fundi alitandika gunia, akalala chali, akapotea chini ya gari pamoja na tochi yake. Sauti yake ikatoka huko. “Njoo. Ingia na wewe.”

“Nina suruali mpya, mzee.”

“Haya, utaungua nayo ikiwa mpya.”

Rafiki akacheka mpaka akashika uzio wetu. Yule kijana akavua koti, akaingia. Kwa muda zilionekana jozi mbili za miguu, moja ya kandambili na moja ya viatu vilivyong'aa, na nikasikia Fundi akigonga bati kwa kidole: tanki la petroli lilikuwa hapo hapo, upana wa kiganja kutoka mahali ambapo msumari ungepita. Kijana alipotoka, mgongo ukiwa vumbi tupu, alimtazama mzee kama aliyefika sasa hivi.

“Shikamoo,” akasema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi.

Amplifaya ile alikuja kuifunga juu ya ubao, nyuma ya kiti, akiacha nafasi ya hewa kupita pande zote, kwa kuwa chombo hicho hutoa joto na hakipendi kufunikwa kwa zulia. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote. Waya mnene kutoka kwenye betri aliupitisha kwenye ukuta wa injini kupitia kipande cha raba, ili makali ya bati yasiutafune. Aliulaza upande mmoja wa gari, na nyaya nyembamba zinazobeba sauti akazilaza upande mwingine. Mahali pa kufunga waya wa hasi alipakwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Boksi la sabufa alilikaza kwa mikanda kwenye sakafu, akisema kwamba kwenye mteremko wa kwenda Mtowisa boksi lisilofungwa litafika kisogoni mwa dereva kabla dereva hajafika bondeni. Na fyuzi aliiweka karibu kabisa na betri, si kule nyuma kwenye amplifaya ambako wengine waliiweka kwa kuwa ni rahisi kufikika.

“Fyuzi hailindi amplifaya yako,” aliwaambia. “Inalinda waya. Na waya unapita chini ya miguu ya mtoto wa mtu.”

Kwa maelezo haya mtu anaweza kudhani alikuwa mpole na mwenye busara. Hakuwa mpole. Aligombana na mwalimu wa kwaya, na muuza mkaa, na jogoo wetu. Alikuwa na majivuno juu ya koti lake refu la sufu, alilolivaa hata jua lilipowaka, na hakukubali kabisa kwamba mtu mwingine mjini anajua kulehemu. Kanisani alifika mapema kuliko wote, akasinzia mahubiri yanapoanza, akaamka kwa ajili ya nyimbo. Na alikuwa mwongo, kwa namna yake. Aliwaambia vijana kwamba sabufa mpya ni kama ndama wa kufundishwa jembe; lazima ichezeshwe kwa sauti ya chini mwezi mzima, la sivyo karatasi yake itapasuka. Wakaamini. Nilipokuwa nimeshamaliza chuo, nikamwuliza kama ni kweli.

“Ni uongo mtupu,” alisema. “Lakini mtaa si unalala?”

Ajabu ni kwamba huo mziki mnene aliouchukia, yeye ndiye aliyeupima kwa masikio yake mwenyewe. Kazi ikikaribia kuisha aliingiza kichwa ndani ya buti, akaongeza sauti hadi mwisho ili asikie kama kuna bati linalolia au skrubu iliyolegea. Alikaa humo, amefumba macho, wakati sisi wengine tulikuwa tumeziba masikio upande wa pili wa uzio. Mkewe alikuwa akitoka jikoni na kusimama mlangoni, mikono ikiwa na unga wa ulezi.

“Baba, kila kitu umekiwekea fyuzi. Hayo masikio je?”

“Masikio ni ya kuzaliwa nayo,” alijibu. “Hayana waya.”

“Haya. Yakikatika utaninunulia ngoma nikuitie chakula.”

Mkewe alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Mwimbi, mwenye sauti ambayo sijui niieleze vipi kwa asiyewahi kuisikia. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba na imenyooka, na ilipita juu ya sauti nyingine zote bila kuzisukuma. Kanisani aliongoza sauti ya kwanza, na mama yangu alisimama kando yake akiimba ya pili. Alikuwa na kasoro moja iliyomchosha mwalimu wa kwaya: aliingia kabla ya wenzake. Si kwa kiasi kikubwa, ni kama mtu anayefungua mlango na kuushikilia ili wengine wapite. Mwalimu alimkanya kila Jumamosi, naye kila Jumapili akatangulia. Aliponiita kupitia uzio nikachukue viazi vya moto, nilikuwa nimekwisha kusimama kabla hajamaliza jina langu.

Kanda ilirekodiwa alasiri moja ya mazoezi, na Fundi mwenyewe ndiye aliyerekodi. Wakati huo alikuwa amekwisha kutoka kwenye kwaya, kwa sababu ya ugomvi nilioutaja, lakini alikuwa mtu wa besi moyoni na alibaki hivyo. Aliingia kanisani na redio kaseti yake kubwa, akatafuta kigoda, akakiweka mbele ya wanaume na redio juu yake. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la nyuma na daftari la shule.

“Na sisi huku?” mkewe aliuliza.

“Ninyi mnafika wenyewe,” alisema. “Ukiimba jikoni nakusikia nikiwa sokoni. Besi ndiyo inayotakiwa kufuatwa ilipo.”

Wanawake wakamzomea kwa furaha. Mmoja akasema, “Mwache aoe besi, basi, imfulie koti!” Mkewe akainua mabega, akacheka, na wimbo ukaanza. Hakuna aliyewaza kuhamisha kigoda. Nani angewaza? Sauti yake ilikuwepo kila siku, asubuhi hadi jioni, bure, kama maji ya mvua. Fundi alirekodi kilichokuwa kigumu kukipata na kuacha alichokuwa nacho.

Mkewe alifariki msimu wa mvua, baada ya kuugua kwa muda ambao sote tulijua unakwenda wapi. Sitasimulia msiba. Nitasema tu kwamba matanga yalipokwisha na ndugu wa Mwimbi wakarudi kwao, Fundi alipekua masanduku ya vipuri mpaka akaipata kanda, na tangu hapo, kila alasiri, niliporudi nyumbani kwa likizo, niliisikia ikija kupitia uzio. Wanaume kwanza, karibu na wazito. Kisha, mbali sana, kana kwamba wako nje ya kanisa, wanawake. Na juu yao, yeye. Mama yangu alikuwa akiacha alichokuwa akikifanya. Siku moja alisema, “Angekiweka tu katikati kile kigoda.”

Naye Fundi alijua hivyo. Hakuhitaji kuambiwa.

Masikio yalianza kumwacha polepole. Kwanza hakusikia birika likichemka. Halafu ndege. Halafu watoto wakawa wanamwamkia, naye anapita, na mtaa ukasema mzee amekuwa na kiburi. Hospitali walimweleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, na kwamba hazirudi. Nene zinaweza kubaki muda mrefu. Alinieleza habari hiyo kama anayeelezea redio ya mteja.

“Tuita zimekufa,” alisema, akimaanisha zile spika ndogo za sauti za juu. “Sabufa bado.”

Nilicheka, naye akacheka, kisha tukaacha kwa pamoja.

Ni wakati huo ndipo alipojipatia gari. Lilikuwa gari dogo la zamani la muuguzi mmoja mstaafu, lenye mlango wa nyuma wa kuinuliwa, ambalo lilikuwa limekataa kupanda kilima chochote. Alilisimamisha nyuma ya banda na halikuondoka tena. Humo akafunga amplifaya na sabufa kubwa kuliko alizowahi kumfungia mtu. Mtaa ukapata la kusema. Mzee aliyewakemea vijana miaka yote amejijengea disko! Walimwona kila alasiri amekaa kiti cha nyuma, koti limefungwa hadi shingoni, kiganja kikiwa juu ya boksi, na gari zima likitetemeka taratibu kwa sauti za wanaume wa kanisa.

Nilikwenda kulitazama gari hilo nilipokuja likizo. Kila kitu kilikuwa mahali pake: fyuzi karibu na betri, raba kwenye ukuta wa injini, mikanda ikiwa imekaza boksi. Nilimwuliza kwa nini amelifunga boksi kwa mikanda ndani ya gari lisilokwenda popote.

“Lenyewe halijui kama haliendi,” alijibu.

Kwa nini besi, sikumwuliza siku ile. Nilidhani nimeelewa: mtu husikiliza kile anachoweza bado kukisikia. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Juni, mama yangu akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nami nimekuja kuifunga nyumba yetu. Upepo ulikuwa ule ule. Nilimkuta amesimama kando ya gari, mwembamba ndani ya lile koti.

“Shikamoo, Fundi.”

Alitazama midomo yangu. “Marahaba, mwanangu. Sema kama mwanaume.”

Nikashusha sauti hadi kifuani. “Shikamoo, Fundi.”

“Hapo sawa. Marahaba.” Akanitazama kwa muda. “Sauti yake unaikumbuka?”

“Naikumbuka.”

“Si sauti ya mwanamke anayeimba. Yake.”

“Naikumbuka. Aliniita kupitia uzio huu nikachukue viazi.”

Alifungua mlango, tukaingia, yeye nyuma kando ya boksi, mimi kando yake. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya sufu. Hakuwasha kitu kwanza.

“Chombo kikinyamaza,” alisema, “cha kwanza ni kujua ubovu uko upande gani. Wewe umesoma, lakini na mimi nimekuambia hivyo tangu ukiwa mtoto. Kanda hii nimeichezesha mno. Kichwa cha redio kinakula kanda, na kinaanza kula zile nyembamba. Masikio nayo yameanza na zile nyembamba. Besi naishika, najua wimbo umefika wapi, najua hapa ndipo anapoingia. Nafika hapo, simpati. Sasa ni kanda, au ni mimi?”

“Ungewauliza vijana, Fundi. Wanakuja hapa kila siku.”

“Vijana watasikia mwanamke. Wataniambia, mzee, yupo mwanamke.” Alitikisa kichwa. “Hawamjui.”

“Na kama hayumo?”

“Ndiyo maana sijauliza.”

Akawasha. Wanaume waliingia, na kiti kikaanza kutetemeka chini yangu. Fundi alikuwa amefumba macho, kiganja juu ya boksi, kidole kimoja kikiwa kimeinuliwa. Nilisikia mchakacho wa kanda, nikasikia mtu akikohoa, mtu ambaye pengine naye alikuwa amekwisha kufa. Besi ikafika kwenye ile noti ndefu wanayoishikilia. Kidole chake kikashuka. Hapo ndipo.

Sikusikia kitu.

Nafikiri sitausahau ule muda mfupi, kwa sababu nilikuwa tayari natafuta maneno. Halafu, nyuma ya wanaume, mbali kama upande wa pili wa uwanda, kikatokea kitu chembamba. Kilitangulia. Wanawake wengine walikuja baada yake, kama kawaida, kupitia mlango alioushikilia. Na kando yake, sauti ya pili, nilimsikia mama yangu. Lakini hilo sikulisema, kwa kuwa halikuwa nililoulizwa.

“Yumo,” nikasema kwa sauti yangu ya kiume.

Alifumbua macho. “Unajuaje ni yeye?”

“Ametangulia wenzake.”

Wimbo uliendelea kutikisa vioo.

“Hafifu?”

“Hafifu sana. Lakini yumo.”

“Basi ubovu ni wangu,” alisema, na uso wake ukalegea, uso ambao nilikuwa nimeuzoea ukiwa umekaza miaka yote ile. “Afadhali. Afadhali iwe mimi.”

Aliirudisha kanda nyuma. Safari hii alinipa mkono wake, ule usiokuwa juu ya boksi, akanieleza anachotaka kwa maneno machache, kama anavyomweleza mteja. Mkewe akiingia, niubane mkono. Akipanda juu, nibane zaidi. Akivuta pumzi, nilegeze. Nilifanya hivyo wimbo mzima. Sijawahi kusikiliza kitu kwa bidii namna hiyo, hata katika mitihani yangu yote. Mkono wake ulikuwa mkavu, na makovu madogo ya lehemu, na kila nilipolegeza nilihisi naye akivuta pumzi. Mwishoni wanawake wananyamaza kabla, wanaume wanamalizia peke yao. Nililegeza, na sikubana tena.

“Amemaliza?”

“Amemaliza.”

Alichomoa kanda, akaitia kwenye kasha lake, akaniwekea mapajani. “Ondoka nayo. Ikae penye masikio.”

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa amekwisha kutoka nje. Nilimfuata. Alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi, akatoa ile soksi ya kijivu mfukoni na kuuvika, akazungusha uzi, akakaza fundo. Alifanya yote kwa utaratibu ule ule wa siku zote, akiwa amenipa mgongo, na upepo ukipeperusha pindo la koti lake.

Nilimwuliza kama kesho ataurudisha waya. Nilisahau kushusha sauti.